UZI: Braketi zako zinang'oka ovyo? Tuongee kuhusu gundi ya bresi na ile taa ya bluu

@meno_na_mwanga (mwanzisha uzi)

Wadau, kuna swali linarudi humu kila mara: "nimewekwa bresi juzi, braketi imeng'oka, nimeibiwa?" Na majibu huwa ni mawili tu, ati daktari ametumia gundi feki ama taa yake ni ya zamani. Mimi ni daktari wa meno hapa Nairobi, kazi yangu kubwa ni kubandika braketi (vile vipande vidogo vya bresi vinavyoshika waya kwa jino) nikisaidiana na othodontisti (bingwa wa kunyoosha meno), na hayo majibu yananisumbua juu yanafanya watu wahame kliniki bila sababu na wengine wavumilie kazi mbaya bila kujua. Mara nyingi shida haiko kwa jina la gundi wala umri wa taa. Iko kwa jino lililokuwa na unyevu, ama mwanga haukufika pale gundi iko. Basi leo wacha niandike yote, mwenye swali aulize.

Zamani hakukuwa na kubandika. Kila jino lilivishwa pete ya chuma kulizunguka lote na braketi imechomelewa juu yake, unaweza kufikiria venye mdomo ulikuwa umejaa chuma. Mambo yalianza kubadilika 1955 wakati Michael Buonocore, huko Rochester, New York, alionyesha kwamba ukipaka enameli (ngozi ngumu ya nje ya jino) asidi ya fosforiki (yeye alitumia ya asilimia 85 kwa sekunde 30) uso wa jino unakuwa na vishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho na resini (plastiki ya majimaji inayoganda) inaingia humo na kushika. Miaka kumi baadaye, 1965, George Newman akaeleza kubandika braketi moja kwa moja kwa jino akitumia gundi ya epoksi. Siku hizi asidi ni ya asilimia 37 hivi, sekunde 15 hadi 30, inaoshwa na maji ya kutosha halafu jino linapulizwa upepo mpaka linakuwa jeupe lisilong'aa. Ukiwa kwa kiti na daktari akakazana na upepo na pamba na kivuta mate usione anapoteza muda wako, hapo ndipo bresi zako zinaamuliwa.

Gundi za kwanza zilikuwa za kuchanganya pande mbili, ukishachanganya tu saa inaanza kuhesabu, na bado unatafuta katikati ya jino huku gundi inaganda. Ndio maana mwanga ulileta raha. Gundi ya taa ina kitu kinaitwa kamforakwinoni, ni cha manjano, na kazi yake ni kunyonya mwanga wa bluu, hasa kwenye nanomita 468 hivi, halafu kwa kusaidiana na kemikali nyingine, amini, kinaanzisha ule mnyororo wa molekuli ndogo kushikana na kuwa kitu kigumu. Bila mwanga huo gundi inabaki laini, unaisukuma braketi juu, unaishusha, unapima na geji, unaondoa gundi iliyofinyika pembeni (hiyo ikibaki inashika uchafu na baadaye unapata madoa meupe kuzunguka braketi), ukiridhika ndio unapiga taa. Mahali braketi imekaa ndipo jino litaenda. Kwa hivyo ule muda wa kupanga bila presha ni faida kubwa ya mgonjwa, si starehe ya daktari.

Sasa taa zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 70 kulikuwa na za miale ya UV, hizo ziliachwa juu mwanga wake hauingii ndani sana na miale yenyewe si salama. 1979 watafiti Tavas na Watts wakaonyesha kwa maabara kwamba braketi inaweza kubandikwa kwa mwanga wa kawaida unaoonekana, ukipitishwa kwa jino lenyewe. Ikaja halojeni, ile kubwa yenye feni na waya, inatoa miliwati 400 hadi 900 hivi kwa sentimita mraba na globu yake inachoka baada ya masaa kati ya 40 na 100 ya kuwaka. Halafu plazma ya zenoni na leza ya agoni, kali sana lakini ghali. Na sasa LED, ndio karibu kila kliniki ya hapa Nairobi inatumia. Wale Wajapani watatu waliotengeneza LED ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura (huyu wa mwisho alikuwa tayari na uraia wa Marekani), walipewa Nobel ya fizikia 2014 na watu wengi waliwaza balbu za nyumba, mimi niliwaza meno.

Jambo ambalo ningetaka kila mtu aelewe: braketi ya chuma haipitishi mwanga. Gundi iko nyuma ya chuma. Mwanga unaifikia kwa kuingia pembeni, upande huu na upande ule, na kwa kupenya kwenye jino na kurudi. Kwa hivyo daktari akiweka taa mbele ya braketi moja kwa moja sekunde tano na kuhamia jino linalofuata, hata taa ingekuwa ya milioni gundi ya katikati haijaiva. Kawaida ni upande mmoja wa braketi sekunde 10 na upande wa pili sekunde 10 kwa taa ya miliwati 1000 hivi, ncha ikiwa karibu kabisa na jino.

---

@kimya_tu_kilimani

Nafuatilia. Nimeweka zangu mwezi uliopita.

---

@mama_twins_donholm

Daktari asante sana kwa hii. Msichana wangu ile ya gego la chini imeng'oka mara ya tatu sasa, tukirudi wanamuuliza kama amekula miwa ama mahindi choma, mtoto analia anasema hajakula, na mimi namuamini juu chakula chake napika mwenyewe. Kliniki yao bado wanatumia ile taa ya zamani yenye waya na inapiga kelele. Nimwondoe hapo?

---

@meno_na_mwanga

Mama Twins pole sana, na pole kwa mtoto. Usimwondoe kwa sababu ya taa. Halojeni ikiwa na globu nzima na ikapewa muda wake inafanya kazi sawa na LED, tofauti ni kwamba inataka kama sekunde 40 pale LED nzuri inataka 20. Ukiona wanapiga halojeni sekunde tano, hapo uliza.

Gego la chini ndilo gumu kuliko yote kubandika. Mate yanajaa huko chini, ulimi unasukuma, shavu linavuta, na ncha ya taa haifiki karibu. Hata kwa mikono mizuri meno ya nyuma yanang'oka zaidi ya ya mbele. Lakini ikiwa ni jino hilo hilo kila mara kuna kitu kingine naomba uulize: mwambie daktari aangalie kama gego la juu linagonga hiyo braketi akiuma. Anaweka karatasi ya rangi, mtoto anauma, ukiona rangi imeshika juu ya braketi basi umepata jibu, kila akila ugali anaigonga na hakuna gundi itavumilia. Dawa yake ni kuinua kidogo mwumo (namna meno yanavyokutana akiuma) kwa kubandika gundi juu ya magego kwa muda, ama kusogeza braketi chini, ama kwa hilo gego watumie ile pete ya zamani. Pete haijafa, kwa magego bado inatumika na si aibu.

Na mtoto asilaumiwe kabla hawajaangalia hilo.

---

@injinia_rongai

Mimi si mtu wa meno ni mtu wa umeme lakini hii imenishika. Kwa hivyo hesabu ni rahisi si ndio, nguvu mara muda. Miliwati 1000 kwa sekunde 20 ni jouli 20 kwa sentimita mraba. Halojeni ya 500 kwa sekunde 40 ni jouli 20 vilevile. Basi hizi taa mpya zinazouzwa za miliwati 3000, sekunde saba tu umemaliza. Mbona mnatukalisha kwa kiti saa nzima mdomo wazi?

---

@mwanafunzi_wa_meno

Injinia hesabu yako iko sawa mpaka mahali fulani. Nilivyofunzwa, ukimwaga mwanga mkali sana ghafla, vile vianzishi (molekuli zinazoanzisha gundi kuganda) vinazaliwa vingi kwa wakati mmoja na vinakutana vyenyewe kwa vyenyewe na kuzimana kabla ya kujenga minyororo mirefu. Kwa hivyo jouli zile zile zikiingia haraka mno hazileti ugumu ule ule kila wakati, inategemea pia gundi. Ni kama maharagwe, moto mara tatu hauyaivishi kwa theluthi ya muda.

Alafu kuna mapitio ya tafiti ya 2013 yalikusanya majaribio ya wagonjwa halisi kulinganisha halojeni, LED na plazma. Hayakupata ushahidi wa kupendelea aina moja ya taa juu ya nyingine kwa upande wa braketi kung'oka. Walichookoa ni muda.

---

@meno_na_mwanga

Mwanafunzi umeeleza vizuri. Injinia naongeza mawili. Ile namba ya 3000 imeandikwa kwa ncha ya taa. Ukirudi nyuma milimita chache inashuka, ukiinamisha inashuka, na nyuma ya chuma kinachofika ni sehemu ndogo tu. Kwa hivyo jouli unazohesabu wewe si jouli gundi inapata. Ndio maana mimi napenda kuongeza sekunde kuliko kuongeza ukali.

La pili ni joto. Watafiti Zach na Cohen 1965 walipasha meno ya nyani wakaona joto la ndani likipanda kama digrii 5.5 baadhi ya mioyo ya meno (sehemu hai ya ndani ya jino) haikupona. Meno ya mbele ya chini ni membamba sana. Taa kali muda mfupi ni sawa, taa kali muda mrefu mahali pamoja si sawa, na hapo upepo kidogo unasaidia. Mtoto akisema inachoma, toa taa kwanza, mambo mengine baadaye.

Saa nzima kwa kiti ni meno 20 na zaidi, Injinia. Taa yenyewe ni dakika chache hapo. Muda mwingi ni kusafisha, kukausha na kupanga, na huo sitaki kuupunguza.

---

@dada_wa_kliniki

Habari zenu. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, niko upande wa Kayole, na ningependa kuongea kwa niaba ya wanaoshika hiyo taa juu mara nyingi ni sisi. Daktari anashika braketi, sisi ndio tunaelekeza mwanga. Na hakuna mtu anatufundisha kwa kina, unaambiwa tu "piga taa".

Mambo nimejifunza kwa kazi: ncha ikishika gundi iliyoganda mwanga unapungua na huoni kwa macho, juu kwa macho bluu inaonekana bluu tu, kwa hivyo naikagua kila asubuhi. Ule mfuko wa plastiki wa kufunika ncha ukijikunja ama ukikaa na mshono mbele ya mwanga, unaziba. Betri, kuna taa zikianza kuisha zinazima zenyewe, hizo ni nzuri, na kuna zinaendelea kuwaka zikiwa dhaifu, hizo ndizo hatari. Mimi nairudisha kwa chaja kila baada ya mgonjwa hata kama bado iko. Stima ikipotea katikati ya kazi angalau ya betri inamaliza, ile ya waya mgonjwa anabaki na asidi mdomoni na sisi tunatafuta jenereta.

Na miwani jamani. Ile ya rangi ya chungwa. Nimeona wasaidizi wanatazama pembeni tu, unatazama pembeni halafu taa inakimbia kwa jino huoni.

---

@meno_na_mwanga

Dada yangu Mungu akubariki, hii ndio sauti ilikuwa inakosa hapa. Mwanga wa bluu unaumiza retina na haumi wakati unaumiza, mtu anakuja kujua baada ya miaka. Kutazama pembeni ni kubaya mara mbili, kwa jicho na kwa braketi. Mwenye kliniki ambaye hanunui miwani ya chungwa kwa msaidizi wake na kwa mgonjwa anakosea watu wake.

Naomba pia kliniki ziwe na radiomita, ile ya kupima taa. Si lazima namba yake iwe sahihi kabisa, ipime tu taa ikiwa mpya, andika kwa kitabu, halafu uwe unapima kila wiki. Namba ikianza kushuka umejua kabla ya mgonjwa kujua.

---

@kijana_wa_naks

Daktari mimi nimekulia Nakuru, meno yangu yana yale madoa ya kahawia ya maji. Niko kazi Nairobi sasa, nimeenda kliniki moja wakaniambia bresi hazitashika kwangu. Ni ukweli?

---

@meno_na_mwanga

Si ukweli, ila ni kazi zaidi, na afadhali uambiwe mapema.

Bonde la Ufa lina madini ya floridi mengi kwa maji, visima vingi vinapita miligramu 1.5 kwa lita ambayo ndio kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno yanajengwa ndani ya fizi, enameli inatoka hivyo, na ile ngozi yake ya juu inakuwa na ukinzani kwa asidi. Unapaka asidi sekunde 30, unaosha, unakausha, na jino bado linang'aa. Hapo ukibandika umejidanganya. Linalofanyika ni kuongeza muda wa asidi, ama kukwangua kidogo sana ile ngozi ya juu kwanza, ama kutumia praima maalum za kusaidia kushika. Inategemea ukali wa floridi yako. Kama enameli imeanza kumeguka kuna meno tutasema hapana ama tutayavisha pete, lakini madoa ya kahawia peke yake si sababu ya kukufukuza.

Na usiache mtu akuambie meno yako ni machafu. Ni maji, ulikuwa mtoto.

Tafuta othodontisti aliyesajiliwa, orodha ya KMPDC (baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya) iko wazi, na umuulize mbele kabisa: "umeshabandika meno ya floridi?" Ukisikia anaeleza kuhusu asidi na kukwangua, kaa hapo.

---

@kijana_wa_naks

Asante sana dokta. Nimekaa na hiyo maneno miezi.

---

@ras_umoja

Wakubwa, braketi yangu moja imetoka, nauli na consalteshoni ya kurudi tao ni pesa. Nimeona taa ya LED kwa mtandao bei ya chini na gundi ya meno pia wanauza. Si nijibandike tu nyumbani mbele ya kioo?

---

@meno_na_mwanga

Ras, ndugu yangu, usifanye hivyo. Nakuomba kabisa.

Asidi ikigusa fizi ama ulimi inachoma, ikiruka kwa jicho ni hospitali. Braketi ikikaa milimita moja vibaya waya italisukuma jino kule ambako halikutakiwa, na kulirudisha ni miezi. Mate yako hutayazuia peke yako mbele ya kioo. Taa za bei ya chini nyingine zinaandika namba kwa boksi na mwanga unaotoka si ule, na nyingine ziko kwenye mawimbi ambayo gundi uliyonunua haiyanyonyi. Juu si gundi zote zinatumia kamforakwinoni peke yake, ziko zenye vianzishi vinavyotaka mwanga wa zambarau chini ya nanomita 420 hivi, na LED ya bluu tupu haivifikii. Utaona gundi ngumu kwa nje, ndani ni laini, na hiyo isiyoiva inabaki inatoa kemikali zake mdomoni mwako.

Fanya hivi. Kama braketi bado imeshikwa na waya na haikuumizi, iache hapo, weka nta ikikwaruza, piga simu kliniki uwaambie ni jino gani. Wengi watakuambia kama inaweza kusubiri hadi miadi yako ya kawaida. Na uulize wazi kama kurudisha braketi kunalipiwa, kliniki nyingi huwa zimeweka hiyo ndani ya bei ya mwanzo.

---

@ras_umoja

Sawa daktari nimeskia. Bado iko kwa waya. Napiga kesho.

---

@injinia_rongai

Na hizi za kauri zinazoonekana nyeupe? Hizo si mwanga unapita?

---

@mwanafunzi_wa_meno

Unapita ndio, kwa hizo unaweza kupiga taa kutoka mbele kupitia braketi yenyewe na gundi inaiva vizuri zaidi. Shida yake inakuja mwisho, zikishika sana kuzitoa ni kazi, na kauri haipindi kama chuma, inavunjika. Mtafiti Reynolds alisema 1975 kwamba gundi yenye nguvu ya kushika ya megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 6 hadi 8 hivi inatosha kwa bresi. Ukizidisha sana unahatarisha enameli siku ya kutoa.

---

@mama_twins_donholm

Daktari nimerudi. Tulienda leo asubuhi, nikaomba ile karatasi ya rangi. Ilishika juu ya braketi, wino mwingi kabisa. Wameweka gundi juu ya magego ya juu kumwinua, wakakausha lile gego la chini kwa pamba mpya mara mbili, na nilihesabu, taa ilikaa upande mmoja halafu mwingine bila haraka. Msichana anasema anauma ni kama anatafuna kwa jiwe lakini wamesema atazoea. Sasa leo jioni ale nini?

---

@meno_na_mwanga

Nimefurahi sana Mama Twins. Mwambie pole, hiyo ya jiwe inapungua kwa siku chache.

Gundi inakuwa ngumu papo hapo lakini inaendelea kukaza polepole kwa masaa 24 hivi hata taa ikishazimwa. Kwa hivyo leo na kesho laini: uji, wali na maharagwe yaliyoiva, viazi vya kuponda, ndizi. Ugali sawa, amege vipande vidogo. Githeri ile ya mahindi makavu hapana, njugu hapana, nyama ya mfupa hapana, na matunda magumu mkatie, asiume na meno ya mbele. Kesho kutwa arudie chakula chake, ila miwa na mahindi choma ya kung'ata kwa kigunzi yasubiri mpaka siku ya kutoa bresi.